Tamko la Walimu na Wasimulizi wa Mji wa Kale, Mombasa, Kuhusu Masimulizi ya Pwani katika Somo la Sayansi

Sisi walimu wa sayansi, wavuvi, manahodha wastaafu, mafundi wa nyumba za mawe na watambaji wa ngano tulioungana katika chama chetu cha Mji wa Kale, tumekutana hapa kisiwani na kukubaliana kuyatoa haya hadharani tunapoelekea Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Tunayaelekeza kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), Tume ya Huduma za Walimu (TSC), Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Mamlaka ya Bandari (KPA), wakuu wa shule na wazazi wenzetu.

Tunachotaka ni hiki. Masimulizi na hesabu za wazee wa Pwani ziingie katika somo la sayansi zikiwa madai ya kupimwa. Zisiletwe kuwa pambo la siku ya utamaduni, na zisikubaliwe kwa sababu tu zimetoka kwa wazee. Mtoto azisikie, atoke nje akazipime, arudi na jibu lake.

Kilichotufanya tuitishe kikao ni karatasi ya mtihani. Mwanafunzi wa shule moja mjini humu aliulizwa ni wakati gani maji ya bahari hupanda zaidi. Akajibu kwamba ni wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa wa kumi na nne. Alikosa alama. Mwalimu aliyesahihisha hakuwa na nia mbaya; mwongozo aliopewa ulikuwa na jibu moja la Kiingereza, na la mtoto halikufanana nalo. Mtoto yule anatoka katika nyumba ya wavuvi. Alilijua jambo lenyewe kuliko aliyetunga swali.

Tuanze basi na maji. Mvuvi wa Bandari ya Kale hafungui jedwali ili ajue leo yatajaa saa ngapi. Huuliza mwezi ni wa ngapi. Mwezi ukiwa mchanga, au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ikipita, saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Likiisha juma moja mambo yamegeuka: yanajaa saa nne, yanapwa saa kumi, na hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Ndiyo sababu anayetafuta pweza kwa miguu miambani huzingojea asubuhi za bamvua.

Hesabu hiyo peke yake inatosha muhula mzima. Kwa nini dakika 50? Kwa kuwa mwezi nao uko safarini kuizunguka dunia, na dunia inabidi ijizungushe zaidi kidogo kila siku ili kuukuta pale ulipofika. Kwa nini mwezi mchanga, usioonekana, ulete maji makubwa sawa na mwezi mpevu? Kwa kuwa siku hizo zote mbili jua, dunia na mwezi hukaa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua huongezeka juu ya ule wa mwezi. Na kwa nini maji makubwa kabisa hayaji usiku uleule wa mwezi mpevu, yakaja siku moja au mbili baadaye? Hilo wavuvi wanalijua, na ni swali zuri la kumtoa jasho mwalimu yeyote. Kilindini, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Wakati wa maji mafu huwa mita 1 na kitu. Mti uliochorwa alama za sentimita na kusimamishwa penye ngazi za bandari unaonyesha yote hayo bila maabara.

Tumejaribu. Mzee mmoja mvuvi alitaja saa ya maji kujaa kabla jedwali la KPA halijafunguliwa mbele ya watoto. Alipishana na jedwali kwa robo saa. Watoto walishangilia, kisha mwalimu akawauliza ile robo saa imetoka wapi. Mmoja akasema ni upepo. Mwingine akasema mzee huhesabu kwa siku na jedwali huhesabu kwa dakika. Hatukuwaambia nani amepata. Tuliwapa mti wenye alama na daftari.

Ngano nayo ina nafasi yake hapa. Wengi wetu tumekua tukitishwa kwa habari za chunusi, yule anayemvuta muogeleaji miguu na kumzamisha. Wapo walimu wanaoona haya kumtaja mbele ya ubao. Sisi tunaona afadhali atajwe. Mtoto aulize nyumbani: chunusi wa mtaa wetu husemwa yuko wapi, na huvuta wakati gani? Majibu ya mabibi na mababu yatiwe kwenye ramani ya kisiwa, kisha yalinganishwe na mahali penye mkondo mkali, hasa milangoni mwa mito ya bahari maji ya bamvua yanapotoka kwa kasi. Huenda yakaoana, huenda yasioane. Mwalimu akitangulia kusema yataoana ameshaliharibu somo. Yakioana, mtoto ataona kwamba onyo lililovishwa nguo za jini lilikuwa na hesabu ndani. Yasipooana, ataona kwamba wazee nao husema yasiyokuwa, na tungependa ayaone hayo angali mdogo.

Tena mtambaji wetu hajapata kumdanganya mtoto kwamba ngano ni habari. Huuita uongo mbele ya wote kabla hajaanza: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto wa Pwani amezoeshwa kusikiliza jambo bila kulimeza. Kitendawili nacho kimemzoesha kukisia, kukosea mbele ya watu, kukisia tena, na akishindwa kabisa hutoa mji ndipo apewe jibu. Kwa maoni yetu hayo ni maandalizi bora ya maabara kuliko kukariri ufafanuzi.

Tunataka kukaa kidogo kwenye methali moja, maana ndiyo iliyotugawa zaidi kikaoni. Wazee husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Shuleni methali hii hufundishwa katika fasihi simulizi. Mwanafunzi huulizwa maana ya ndani na tamathali iliyotumika. Sisi tunaisoma kama utabiri wa hali ya hewa. Kilimia ni kile kishada cha nyota ambacho, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, hufuatana na jua kuzama magharibi kikapotea machoni, kisha Juni kikazuka mashariki alfajiri. Kati ya kuzama na kuzuka huko ndimo masika ya Mombasa yanamokolea, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Kwa hiyo methali inadai jambo lililo wazi: mwaka ambao Kilimia kimezama kukiwa kukavu, kitazuka mvua ikingali inanyesha, na mwaka ambao kimezama ndani ya mvua, kitazuka mbingu zimetakata.

Mmoja wetu alisema hiyo ni kweli tupu, mwingine akasema ni bahati nasibu. Ubishi wa namna hiyo hauishi barazani, lakini kwenye daftari unaweza kwisha. Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Moi kina kumbukumbu za mvua za miaka mingi. Mwanafunzi achukue mwongo mmoja wa kuzama na mwongo mmoja wa kuzuka katika kila mwaka, yaani siku kumi kumi, kipimo kilekile ambacho mabaharia na wakulima wa Pwani walihesabia mwaka wa Nairuzi. Achore visanduku vinne: kavu na mvua, mvua na kavu, kavu na kavu, mvua na mvua. Ahesabu miaka iliyoitii methali na iliyoiasi. Ikitii miaka 6 katika 10, ajiulize kama sarafu iliyorushwa juu isingefanya hivyohivyo. Kisha aende kwa mzee akamweleze alichokikuta, kwa adabu, na asikilize mzee atajibu nini. Walimu wa hisabati nao wana kazi yao: mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka 120 husogea mwezi mzima. Wahesabu wenyewe.

Si Kilimia tu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, jua hupita utosini na fimbo iliyosimamishwa wima hukosa kivuli. Machi hutokea kama saa sita na nusu mchana, Oktoba kama saa sita na dakika kumi. Hizo dakika 20 zimepotelea wapi? Muadhini wa msikiti wowote wa Mji wa Kale, anayeishi mwaka mzima na adhuhuri inayosogea mbele na kurudi nyuma, ana la kumwambia mwanafunzi wa Gredi ya 9, kwa kuwa adhuhuri na alasiri zilipimwa kwa kivuli kabla ya kuwapo saa za ukutani. Na kila Ramadhani ikielekea mwisho mji mzima hubishana juu ya mwandamo. Hukumu ya mwezi ni ya wenye dini na hatuigusi. Umri wa mwezi, urefu wake juu ya upeo wa macho jua linapotua na mawingu ya magharibi ni vitu ambavyo mtoto anaweza kuviandika.

Hatudai kwamba tumebuni njia mpya. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliiandika elimu ya bahari kwa mashairi, likiwemo moja refu juu ya njia za pwani hii hadi Sofala. Nahodha aliye gizani katikati ya mawimbi hafungui kitabu, ila beti huzikumbuka. Marubani wa zama zake walipima urefu wa nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na walipovuka ikweta, ile Nyota ya Kaskazini ikishazama chini ya upeo, walitegemea nyota nyingine. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kukitengeneza kibao hicho kwa kadibodi na uzi wa mshipi.

Juu ya nyumba zetu tutasema machache, maana mafundi wameahidi tamko lao. Kisiwa hiki ni jabali la matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, na kuta za Mji wa Kale zimejengwa kwa matumbawe hayohayo na chokaa iliyochomwa kwayo. Mtoto anayeegemea ukuta wa nyumbani kwao ameegemea masalia ya viumbe. Upana wa vyumba ni mita 3 au pungufu kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji hushindwa kutoa unyevu wake, chumvi ikajikusanya ndani na lipu ikabambuka. Fundi anaijua sababu, mwanafunzi wa kemia anaijua fomula, na hawajapata kukutanishwa. Wanafunzi wanaoletwa Fort Jesus huambiwa kwamba ilianza kujengwa 1593, kwamba mchoraji wake ni Giovanni Battista Cairati, na huonyeshwa mizinga. Jabali lililokatwa kuwa handaki la ngome, lenye matumbawe yanayoonekana kwa macho, hulipita mbio wakienda kupiga picha.

Katika kujadili haya tumejifunza kwa walio mbali. Mwanaanthropolojia Keith Basso alifanya kazi kwa miaka mingi na Waapache wa Magharibi wa Cibecue, Arizona, nchini Marekani, na mwaka 1996 akatoa kitabu kiitwacho Wisdom Sits in Places. Wazee walimtembeza mahali hadi mahali wakimtajia majina. Majina hayo ni maelezo kamili ya maji, mawe na miti ya pale, na mengi yana visa vyake vya kuwaonya na kuwaongoza watu. Kwingine jina lilitaja maji na chemchemi yenyewe ilikuwa imekwisha kukauka. Jina likabaki kuwa ushahidi wa jinsi nchi ilivyokuwa. Sisi tuna Mibuyuni, Mwembe Tayari na Mwembe Kuku. Mwanafunzi wa Gredi ya 6 atumwe akaulize miti hiyo ilisimama wapi na iliondoka lini, kisha abebe kipimajoto adhuhuri alinganishe barabara isiyo na mti na ua wenye mwembe.

Waapache wametufunza na jambo chungu pia. Mlima Graham, ulio mtakatifu kwa Waapache wa San Carlos, ulianza kujengwa kituo cha darubini mwishoni mwa miaka ya 1980 juu ya pingamizi zao. Waliokijenga walikuwa wanasayansi waaminifu waliotaka kuziona nyota vizuri, na bado wenye mlima hawakusikilizwa. Ndiyo maana hatutaki elimu ya wazee wetu ichukuliwe darasani kwa mtindo huo, hata na watu wenye nia njema.

Tunajua tutaambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Jirani zetu wa Tanzania wamefundisha sayansi ya msingi kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, na mtoto wa Tanga huieleza usanisinuru bila kigugumizi. Hapa kwetu, lugha ya eneo hutumika hadi Gredi ya 3, kisha Kiingereza kinashika usukani. Hatuombi Kiingereza kiondolewe. Mtoto huyu atafanya mtihani kwacho, na Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi limeingia Gredi ya 10, ambako wanaochagua sayansi hawatapata njia ya kukikwepa. Tunaomba mtoto asilazimike kuuacha ujuzi wake nje ya mlango pamoja na viatu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inaitaka Serikali itambue mchango wa sayansi na wa teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Maneno hayo yameandikwa pamoja katika kifungu kimoja. Shuleni yamewekwa katika vyumba viwili.

Kwa hiyo tunaitaka KICD, itakapopitia tena miongozo ya walimu ya Sayansi na Teknolojia na ya Sayansi Jumuishi, iweke humo kazi za nje zinazoanzia kwenye kauli za wenyeji wa kila eneo. Ziwa Viktoria lina zake na Turkana ina zake, nasi hatutaki bamvua ifundishwe Kakamega kwa lazima. Tunawataka watungao miongozo ya kusahihisha wakubali jibu sahihi kwa Kiswahili pale mtoto anapoonyesha kwamba amelielewa jambo. KPA iyatoe majedwali yake ya maji kwa Kiswahili pia na kuyapeleka katika kila shule ya kisiwani, Likoni, Kisauni na Jomvu. Makavazi ya Kitaifa yaongeze jabali na chokaa katika maelezo ya Fort Jesus.

Elimu ya chekechea ni wajibu wa kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo hapo hatuna haja ya kuzungushana na Nairobi. Serikali ya Kaunti iajiri watambaji wa ngano kwa vipindi, iwalipe kwa saa kama inavyomlipa mkufunzi mwingine. Mzee haalikwi shuleni kwa chai, leso na picha ya gazeti. Anakuja kufanya kazi.

Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ipo, na tunataka ifuatwe hata darasani. Kabla sauti ya mzee haijarekodiwa aulizwe, aelezwe itatumika wapi, na jina lake litajwe iwapo ameridhia. Yapo maarifa ya dawa na ya uganga ambayo wenyewe hawataki yatolewe hadharani. Mwalimu akiambiwa hapana, hiyo ni hapana.

Nasi tumejifunga. Walimu wanachama watatenga kipindi kimoja kila wiki mbili kwa vipimo vya nje, na matokeo yatabandikwa ubaoni yakiwa yanawapa wazee haki au yakiwa yanawakatalia. Wavuvi wanachama watakuja na mahesabu yao na watakubali kusahihishwa na watoto. Hilo lilichukua muda mrefu kukubaliwa kikaoni, na tunawashukuru. Jumamosi tarehe 3 Oktoba tutasimamisha fimbo uwanjani mbele ya Fort Jesus kuanzia saa tano na nusu mchana. Wazazi waje na watoto, na kila shule ilete saa iliyorekebishwa, rula na daftari lake. Kukiwa na wingu tutarudia kesho yake, ingawa kivuli kidogo kitakuwa kimeanza kuonekana upande wa kaskazini.

Imetolewa Mji wa Kale, Mombasa, kwa niaba ya wanachama wote, na:

Mwenyekiti
Katibu
Mwakilishi wa wavuvi na manahodha
Mwakilishi wa watambaji wa ngano